Digidigi Aliyeambiwa Ahamie Pembe

Hapo zamani za kale, wala si zile za kale mno, maana simu zilikuwa zimekwisha kufika porini, alikuwako digidigi mmoja mjane, jina lake Bi Mwajabu. Alikaa mahali paitwapo Mawe Pacha, kwenye mpasuko wa mwamba ambao mnyama mnene hawezi kuingia.

Wanangu, digidigi ni mdogo. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mbuzi aliyesahau kukua. Lakini ana sifa yake. Akioa, ameoa. Huwezi kuwaona digidigi wakitembea makundi makundi kama swala. Hutembea wawili, mpaka mmoja atangulie mbele ya haki.

Aliyetangulia alikuwa mumewe, Mzee Chande.

Siku hizo simu zilikuwa chache, na zote zilikuwa laini za Gamba. Gamba ulikuwa mtandao wa Mzee Kobe. Mnara wake ulisimama juu ya mwamba, mfupi, umepinda kidogo, umeota kutu. Wanyama waliutania: "Gamba inakawia, lakini inafika." Ukipiga simu asubuhi, unaweza kuchuma mboga ndipo isikike upande wa pili. Lakini ilishika kila mahali, mpaka ndani ya mapango.

Simu ya Bi Mwajabu ilitundikwa kwenye kigingi karibu na mlango. Ikilia kri! kri! kri!, nyumba nzima ilinyamaza. Mzee Chande huipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto mchanga. Kisha hukohoa kwanza. Kisha hupiga kelele, maana aliamini kwamba mtu akiwa mbali ni lazima umpazie sauti.

"Baba Mwanne, utapasua simu!" mkewe humwambia.

"Yuko ng'ambo ya mto huyu! Atanisikiaje?"

Siku moja Mzee Chande alikwenda mbali kutafuta magadi. Akaazima simu, akapiga nyumbani, Bi Mwajabu yuko kisimani. Simu ikalia mpaka ikachoka. Ndipo Mzee Chande akaacha maneno yake kwenye sanduku la sauti la Gamba. Kesho yake alirudi na homa. Homa haikumaliza juma.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, Bi Mwajabu aliishusha simu kigingini, akabonyeza, akasikiliza:

"Kho! Kho! Mama Mwanne... nimefika salama. Mvua imenishika huku. Wewe kula, usinisubiri. Funika tu changu. Eh... hiki kitu bado kinasikia? Haya. Asalaam alaikum."

"Waalaikum salaam," Bi Mwajabu hujibu. Kisha huirudisha simu kigingini, akaenda kutwanga.

Basi. Mambo yalikaa hivyo, misimu ikapita.

Siku moja kukasikika kishindo uwandani. Ti! Ti! Ti! Wamekuja Bwana Kifaru na Bwana Nyati, wamebeba mnara mrefu mweupe unaong'aa, na kipaza sauti kikubwa kama mdomo wa kiboko.

"Jamaniii!" Nyati akanguruma. "Pembe imefika! Pembe, inatoboa! Pembe kwa Pembe mnaongea bure, kutwa kucha! Hamia Pembe! Namba yako ni ileile! Njoo na kila kilicho chako!"

Wanyama wakamiminika. Wa kwanza Nyani, wa pili Bi Kanga na jamii yake yote, halafu pundamilia, halafu nguruwe pori. Ukifika pale unapewa kofia. Unabonyeza moja kukubali. Tayari, umehama, na namba yako hujaibadili.

Sitaki kuwadanganya, Pembe ilikuwa nzuri. Sauti ilikwenda kama mshale. Kanga waliongea tangu kuchwa mpaka kucha, na wala hawakuwa na la kusema. Ilikuwa na ila moja tu: ilishika uwandani peke yake. Ukipanda miambani, kimya.

Ilipofika mfungo mosi, aliyebaki Gamba alikuwa mmoja, naye ni Bi Mwajabu.

Binti yake, Mwanne, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto. Naye alihamia Pembe. Zamani alipiga simu kila siku ya pili. Sasa, kwa kuwa kupiga kutoka Pembe kwenda Gamba ni ghali, akawa anabipu tu. Simu inalia kri! mara moja, inakata. Maana yake: mama, tumeamka salama. Kri! kri!, inakata. Maana yake: mtoto ameota jino.

Siku moja akapiga kweli.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepiga! Kuna kheri?"

"Kheri, mama. Haraka haraka, itakata. Hamia Pembe, mama! Tutaongea mpaka tuchoke. Mjukuu wako anasema 'bibi' sasa. Unataka kulisikia neno hilo kwa kubipiwa?"

Bi Mwajabu akaishika simu kwa mikono miwili. Neno lile lilimwingia.

"Mama? Uko hewani?"

"Niko, mwanangu. Niache nifikiri."

Tii... tii... tii. Imekata.

Akachukua bakora yake, akapanda taratibu mpaka kwa Mzee Kobe. Alimkuta chini ya mnara wake, anasugua kutu kwa jani la msasa.

"Mzee Kobe, nikihama, namba yangu itakuja?"

"Itakuja."

"Na majina ya watu wangu?"

"Yamo ndani ya simu, yatakuja."

"Na sauti ya baba Mwanne?"

Kobe akaacha kusugua. Akaingiza kichwa ndani, akakitoa tena. "Hiyo haiji, Bi Mwajabu. Hiyo haimo kwenye simu yako. Imo humu mnarani, kwenye sanduku. Ukitoka Gamba, sanduku lako linajifunga, na kilichomo kinapotea. Hao wote waliohama hakuna aliyeniuliza. Wewe ni wa kwanza."

"Basi sihami."

"Lakini usikie na hili. Baraza la wanyama limekwisha kuamua: mnara usio na mteja ung'olewe. Nimebaki na wewe tu. Wale mabwana wanakuja kesho kukuhamisha. Wameapa kwamba hawatarudi bila wewe. Na wewe unawajua, wakipandwa na hasira hawaoni mbele."

Bi Mwajabu akarudi nyumbani. Akatawadha, akasali rakaa mbili. Akakaa kwenye mswala muda mrefu, akisema: "Ya Rabi, mimi sina pembe za kushindana nao. Na uongo umenikataza. Basi nionyeshe njia isiyo na uongo."

Akanyanyuka. Akafagia. Wengine huja kuona kwamba wamejibiwa wakiwa wanafagia.

Asubuhi, ti! ti! ti! Kifaru na Nyati hao, na nyuma yao wanyama wote, maana kila mtu alitaka kuona mwisho wa ukaidi wa bibi huyu.

"Hodi!" Kifaru akaita, mpaka vijiwe vikaporomoka.

"Karibuni, wanangu. Ila ndani hamtaenea."

"Hatukuja kukaa, bibi. Tumekuja kukuhamisha. Umebaki peke yako kama jino la kizee!"

Wanyama wakacheka. Bi Kanga akacheka zaidi ya wote: ke-ke-ke-ke!

"Mimi sikatai kuhama," Bi Mwajabu akasema polepole. "Lakini mtandao wenu huku miambani haushiki. Nitafanyaje?"

"Utashuka uwandani!" Nyati akajibu. "Kibanda tumekwisha kukujengea, pale pale chini ya mnara. Ukipiga chafya tu, Mwanne anasikia."

"Mh! Basi huko ni kuhama kweli kweli. Mimi ni mjane, sina wa kunibebea. Na sisi wa zamani, mtu hahami akaacha vyombo. Nyinyi mmetangaza kwa kipaza sauti, 'Njoo na kila kilicho chako.' Ni kweli au ni maneno ya sokoni?"

Kifaru akavimba. "Kifaru hana maneno ya sokoni! Kila kilicho chako utakuja nacho. Mimi na Nyati tutabeba wenyewe, kwa migongo yetu!"

"Hata kinu?"

"Hata kinu!"

"Hata ufagio?"

"Hata ufagio!"

"Na kikibaki kimoja?"

"Kikibaki hata kimoja," Kifaru akanguruma, akawageukia wanyama ili wasikie, "tutakurudisha wenyewe hapa hapa, na mnara wa Kobe usimame mpaka pembe yangu hii ianguke! Naapa!"

Bi Mwajabu akainua kidole. "Na vile visivyoonekana kwa macho?"

Kifaru na Nyati wakatazamana. Nyati akabana kicheko, kikamtoka puani: prrrf!

"Hata visivyoonekana, bibi!" Kifaru akasema. "Kama una mashetani yako humo pangoni, wafungie kwenye kikapu, tutawabeba!"

"Mmesikia, jamani?" Bi Mwajabu akauliza.

"Tumesikiaaa!" wanyama wakaitikia.

"Bismillahi. Anzeni na kinu."

Lo! Wanangu, mngekuwapo! Kifaru yule, ambaye simba humpisha njia, kinu mgongoni, mchi kwapani, ungo kichwani kama kofia. Nyati mtungi pembe ya kulia, mtungi pembe ya kushoto, jamvi shingoni. Wakashuka mteremko, kro-kro-kro, jua linapanda. Wakapanda tena. Wakabeba mafiga, moja moja, maana bibi alisema haya mafiga yameshika moto wa miaka, yasigongane. Wakabeba kata. Wakabeba kifuu kilichotoboka.

"Na hiki nacho?" Nyati akahema. "Kimetoboka!"

"Ni changu."

Wakabeba jiwe la kusagia. Wakabeba bakora ya marehemu. Wakabeba mchanga wa mlangoni, kikapu kizima, kwa sababu Bi Mwajabu alisema ameufagia kwa miaka ishirini na mitatu na hawezi kuuachia wengine.

"Bibi," Kifaru akasema, povu linamtoka, "simu ni kitu kidogo sana. Nani aliyenituma?"

"Kipaza sauti chako, mwanangu."

Adhuhuri ilipoingia kila kitu kiko uwandani. Kigingi cha simu wamekipigilia ukutani mwa kibanda kipya. Wanyama wamezunguka. Kifaru ameketi, ulimi nje.

"Haya, bibi. Toa laini ya Kobe, weka hii. Bonyeza moja, tukapumzike."

"Ngoja, mwanangu. Kimebaki kimoja."

"KIMOJA? Kipi tena? Nimebeba mpaka mchanga!"

"Kiko kwa Mzee Kobe. Sauti ya baba Mwanne. Iko kwenye sanduku."

Nyati akaruka. "Sanduku tu? Aa, dakika mbili!" Akaondoka mbio, gubu gubu gubu, mpaka kwa Kobe. "Mzee, toa sanduku la Bi Mwajabu!"

"Halitoki," Kobe akamjibu. "Limo ndani ya mnara. Ukiung'oa, sauti inamwagika kama maji ya mtungi uliopasuka. Na ukimwagika mtungi wa namna hiyo, hakuna kisima cha kwenda kujaza."

Nyati akarudi polepole. Akamnong'oneza Kifaru. Kifaru masikio yakasimama.

"Bibi, hiyo si chombo! Hiyo ni sauti!"

"Ni changu?"

"Ni... ni chako."

"Inaonekana kwa macho?"

Bi Kanga, aliyekuwa akicheka asubuhi, akasema kwa sauti ndogo: "Alisema hata visivyoonekana. Sote tulisikia."

"Kasuku!" Nyati akaita. "Leteni Kasuku! Aisikilize, aikariri, akae nayo huku. Kwisha maneno!"

Kasuku akaletwa. Bi Mwajabu akaishusha simu, akabonyeza. Gamba hata uwandani ilifika, kwa kukawia kwake. Wanyama wakaisikia sauti ya Mzee Chande, kila neno, mpaka salamu ya mwisho. Wazee kati yao wakainamisha vichwa, maana walimjua.

Kasuku akajisafisha koo. Akasema yote, neno kwa neno, hakukosea hata moja.

"Ahsante, mwanangu," Bi Mwajabu akasema. "Maneno umeyapata. Na kikohozi?"

Kasuku akakohoa: "Kwe! Kwe!"

"Hicho ni cha kasuku."

Akajaribu tena. "Ko! Ko!"

"Hicho nacho ni cha kasuku. Basi, usijichoshe. Maneno yake ninayo siku zote kichwani, hayo hata mimi ningeyasema. Kinachonikalisha pale ni yeye."

Ndipo Nyani akasukuma watu, akaja mbele. Kofia ya Pembe alikuwa nayo kichwani, akaivua.

"Bwana Kifaru," akasema, "marehemu mama yangu naye aliniachia maneno. Alikuwa akinigombeza kwa kutopiga simu. Yako wapi?"

Kifaru akamgeukia Nyati.

"Nimekuuliza! Mlisema nije na kila kilicho changu. Nikabonyeza moja. Yako wapi?"

"Hukuuliza siku ile," Nyati akajaribu.

"Nami ningejuaje kuuliza? Nyinyi mlikuwa mnapiga kelele!"

Wanyama wakaanza kutoa simu zao, wanabonyeza, wanatega masikio, wanabonyeza tena. Mmoja ana shangazi, mwingine ana rafiki aliyechukuliwa na mto. Hakuna kitu. Bi Kanga akaliweka bawa mdomoni.

Mkuu wa baraza, Mzee Mbuni, akapiga mguu chini. "Kiapo kimesemwa mbele yetu. Mnara wa Kobe hautang'olewa. Na bibi arudishwe kwake, vyombo vyote, kwa migongo ileile."

"Hata mchanga?" Nyati akalia.

"Hata mchanga."

Bi Kanga akamsogelea Bi Mwajabu. "Lakini dada, na Mwanne je? Mjukuu anasema 'bibi' kule, nawe utakaa unabipiwa tu?"

Machozi yakamlengalenga Bi Mwajabu. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma, wala hakulificha.

"Nitakosa mengi, Kanga. Ninajua. Lakini Mwanne ana miguu. Siku akinitamani atavuka mto, nami nikiweza nitavuka. Yule aliyemo sandukuni hana njia nyingine."

Basi wakapanda. Nyati mtungi huku, mtungi huku. Kifaru kinu, mchi, ungo. Safari hii hakuna aliyecheka. Wanyama wengine wakashika kimoja kimoja, hata Nyani alibeba kata.

Walipomaliza, wengine wakaenda zao. Kifaru akabaki nje ya mpasuko, anapanga mafiga kwa ncha ya pembe, kwa uangalifu, yasigongane. Alasiri ilikuwa imeingia. Bi Mwajabu akawasha moto, akakoroga uji wa mtama, akampa kwenye mtungi mzima, maana bakuli lingepotea mdomoni mwake.

"Bibi," Kifaru akasema, "ulijua tangu asubuhi."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukanijibu mbele ya watu. Ungenisikia ningekuambia peke yetu?"

Kifaru akafikiri. "Nisingekusikia."

Akanywa uji. Jua likateremka kidogo.

"Marehemu mama yangu naye alikuwa Gamba," akasema, hakumtazama. "Alipofariki mimi nilikuwa mbali, nashughulika na huu mnara."

"Mungu amrehemu. Alikuachia neno?"

"Sijui, bibi. Nilihama hata kabla ya Nyani, na sikuangalia."

Bi Mwajabu hakumcheka. Alichota uji mwingine, akamjazia mtungi mpaka juu.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia. "Kunywa ungali moto."

Ngano imefika kikomo, nami nimeisema kama nilivyoisikia: ukihimizwa kuhama, usiulize unachokwenda kupata tu, uliza na kile kisichobebeka.